Shajara ya mradi: breki ya mbele inayoshika baada ya gurudumu kurudishwa

Jumamosi, siku ya kwanza

Nimerudisha gurudumu la mbele la pikipiki baada ya kubadilisha tairi pamoja na beringi zake mbili, na kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipolizungusha kwa mkono. Kabla ya kulifungua, gurudumu hili lilikuwa likizunguka mara mbili au tatu kwa msukumo mmoja. Sasa halimalizi hata robo ya mzunguko: mkono ukiliachia linasimama, na pedi zinasikika zikikwaruza diski mzunguko mzima, wala si mahali pamoja tu. Nilibana leva na kuiachia mara kadhaa ili pedi zijipange zenyewe, lakini hali haikubadilika.

Breki yenyewe ina diski moja na kalipa (kifaa kinachoshikilia pedi pande mbili za diski) ya kuteleza, yaani yenye pistoni mbili upande wa nje tu. Pistoni zikisukuma pedi ya nje hadi igonge diski, kalipa nzima huteleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya ndani nayo ishike. Hakuna springi inayozirudisha pistoni. Kinachozirudisha ni mpira wa kuzibia oili, ambao ukikatwa unaonekana wa mraba: presha inapoisukuma pistoni, mpira hujipinda pamoja nayo, na presha ikiondoka hunyooka na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Kwa sababu nafasi hiyo ni ndogo kiasi hicho, pedi kugusa diski kidogo ni jambo la kawaida kabisa, na mtu asitafute gurudumu linalozunguka kimya kama la baiskeli. Ninachokitafuta mimi ni kurudi katika hali iliyokuwapo kabla sijafungua.

Ili nisidanganywe na mkono wangu, niliamua kupima. Nilizungushia kamba juu ya tairi, nikaifunga kwenye mizani ya kuning'iniza, kisha nikaivuta polepole na kusoma mizani wakati gurudumu likizunguka kwa mwendo ulio sawa. Kwanza nilifungua kalipa na kuitundika kwa waya, isije ikaning'inia kwa paipu yake: mizani ilisoma kilo 0.2. Hicho ni kiasi cha beringi na sili za vumbi peke yake, kwa hiyo beringi mpya nimezigonga sawasawa na bushi ya katikati ipo mahali pake. Kalipa iliporudishwa, mizani ilisoma kilo 2.3. Tofauti hiyo yote ni ya breki.

Jumamosi, alasiri

Kosa linalojitokeza mara baada ya kazi hutafutwa kwanza ndani ya kazi hiyo. Nilianza na bushi za pembeni mwa gurudumu, kwa kuwa katika pikipiki nyingi ya kulia na ya kushoto hazilingani urefu, na zikibadilishana nafasi gurudumu zima husogea upande pamoja na diski. Zilikuwa sawa. Gia ya spidomita nayo ilikuwa imeingia kwenye mifereji yake, na kizuizi chake kilikuwa kimekaa penye nundu ya mguu wa shokapu. Diski niliipima kwa geji ya saa: ilipinda kwa milimita 0.08 tu, wakati kitabu cha pikipiki hii kinaruhusu hadi milimita 0.3. Isitoshe, diski iliyopinda hukwaruza mara moja katika kila mzunguko, na hii inakwaruza wakati wote.

Ndipo nilipokumbuka jinsi nilivyofunga ekseli. Mguu mmoja wa shokapu hukazwa na nati ya ekseli, na mguu wa pili, ambao kwenye pikipiki hii ndio unaobeba kalipa, hushikwa na bolti ya kubana inayokaza mdomo wa mguu kuzunguka ekseli. Kabla bolti hiyo haijakazwa, mguu unaweza kuteleza juu ya ekseli kwenda ndani au nje, na inatakiwa uachwe utafute wenyewe mahali pake. Utaratibu ni kukaza nati, kuishusha pikipiki chini, kubonyeza shokapu za mbele kwa nguvu mara tano au sita, na baada ya hapo tu ndipo bolti ikazwe. Mimi niliikaza pikipiki ikiwa bado juu ya stendi kubwa. Nilikuwa nimeuvuta mguu kwa mkono ili ekseli ipite kwa urahisi, na ukabaki pale nilipouacha.

Nililegeza bolti, nikashusha pikipiki, nikabonyeza shokapu huku nimebana breki ya mbele, na kwa macho yangu nikauona mguu ukisogea kiasi cha milimita 2. Nikakaza nati na bolti kwa spana ya kipimo kwa viwango vya kitabu. Mizani sasa ilisoma kilo 1.3.

Ningefurahi kuandika kwamba shajara imeishia hapo, kwa sababu kosa lilikuwa langu na marekebisho yake hayakuhitaji kifaa chochote kipya. Lakini kilo 1.3 bado ni nyingi mno, na milimita zile 2 zilinipa swali ambalo sikuweza kuliacha. Kalipa ya kuteleza imeundwa ili ijitafutie nafasi yake. Mguu ukisogea milimita 2, kalipa inapaswa kuteleza kwenye pini zake kwa kiasi hichohicho na pedi zikae pande zote mbili za diski bila kuumia. Kama kusogea kidogo vile kuliongeza ukinzani wa kilo nzima, basi kalipa hii haitelezi.

Jumapili, siku ya pili

Kabla ya kufungua kalipa, nilifanya jaribio moja linalotenganisha matatizo ya breki katika makundi mawili makubwa. Unabana leva, unaiachia, kisha unafungua nipeli ya kutolea hewa kidogo tu. Gurudumu likilegea papo hapo, kulikuwa na presha iliyonaswa ndani ya mfumo, na ugonjwa uko juu, kwenye masta silinda (pampu inayosukumwa na leva) au kwenye paipu. Lisipolegea, presha haimo, na kinachoshika ni chuma au mpira ndani ya kalipa yenyewe. Nilichomeka paipu laini inayoonyesha ndani kwenye nipeli, ncha yake ikiwa ndani ya chupa, nikafungua. Lilitoka tone moja bila msukumo wowote, na mizani ikabaki palepale, kilo 1.3. Nikaandika: presha si tatizo. Sentensi hiyo naiacha kama nilivyoiandika, kwa sababu iliniongoza vibaya kwa siku kadhaa.

Kalipa ilipotoka nilijaribu kuitelezesha kwa mkono juu ya bracketi yake. Ilisogea kwa kusukumwa kwa nguvu, tena kwa kurukaruka. Pini ya kwanza ilikuwa kavu na yenye kutu mahali ambapo kifuko chake cha mpira kimepasuka. Pini ya pili ilikuwa na grisi nyingi, lakini ni grisi ya kawaida, ya aina inayotiwa kwenye beringi, nayo ilikuwa imeuvimbisha mpira unaozunguka pini mpaka ukaibana. Mipira ya breki za oili ya glaikoli haivumilii mafuta yatokanayo na petroli. Hunyonya mafuta hayo, ikanenepa na kulegea. Kwa hiyo grisi ya beringi, petroli na mafuta ya taa havitakiwi kukaribia sehemu hizi, hata kwa kuzisafisha tu. Pini hupakwa grisi ya silikoni, na kwa kiasi kidogo, kwa maana grisi iliyojazwa hadi mwisho wa tundu hunasa hewa nyuma ya pini na kuizuia isiingie yote.

Nilisugua pini yenye kutu kwa msasa laini sana, nikahakikisha haina mashimo, nikaweka vifuko na mipira mipya, nikapaka silikoni. Sasa kalipa inateleza kwa kidole kimoja.

Pistoni zilinichukua muda mrefu zaidi. Nilikuwa nimezisukuma ndani wakati wa kurudisha gurudumu, kwa sababu mtu aliyenisaidia kulitoa alibana leva kwa bahati mbaya huku diski haipo, na pedi zikakaribiana. Nilitumia wenzo wa kufungulia tairi, na nakumbuka zilirudi kwa shida na taratibu sana. Nilichokifanya hapo ni kuuingiza ndani ya mipira uchafu wote uliokuwa umeganda kwenye sehemu ya pistoni iliyo nje: vumbi la pedi, matope makavu, na chumvichumvi ya kutu. Pistoni haisukumwi ndani kabla ya kusafishwa, na nilikuwa nalijua hilo, ila gurudumu lilikuwa mkononi na haraka ikashinda.

Nilizitoa kidogo kwa kubana leva, kipande cha mbao kikiwa katikati ili zisitoke kabisa, nikazisafisha kwa mswaki na dawa ya kusafishia breki, nikizizungusha ili nifike upande wa nyuma. Moja ilitoka mbele ya mwenzake kila mara, kwa hiyo niliishikilia kwa klempu mpaka ya pili nayo ianze kusogea. Nilizipaka oili safi ya breki kingoni, nikazirudisha kwa mkono, na kurudia hivyo mara nne mpaka zikawa zinatoka pamoja na kurudi kwa nguvu za vidole. Kuzirudisha nilifungua nipeli, oili chafu itokee chupani badala ya kupanda juu. Sikuvua mipira ya pistoni, kwa sababu haikuwa ikivuja. Kama pistoni ingeendelea kukataa, ningeivua na kukwangua mifereji yake, maana kutu au chumvi ikijaa nyuma ya mpira huusukuma uibane pistoni, na hapo kusafisha kwa nje hakusaidii kitu.

Baada ya kufunga kila kitu na kutoa hewa, mizani ilisoma kilo 0.5, na gurudumu likazunguka mara mbili na nusu kwa msukumo mmoja. Niliamini kazi imekwisha.

Jumatatu, jioni

Nilijaribu pikipiki kwa kilomita 6 kwenye barabara tulivu, nikitumia breki kama kawaida. Kilomita ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Kuanzia ya nne nilihisi leva inakuwa ngumu na mwendo wake unapungua, yaani breki inashika mapema kuliko mwanzoni, na pikipiki ikawa inazuiwa hata leva ikiwa haijaguswa. Nilirudi polepole, nikiitumia breki ya nyuma tu.

Ninasisitiza kwamba hali hii si usumbufu mdogo wa kuvumilia hadi wikendi. Breki inayoshika hupasha diski, diski hupasha kalipa, kalipa hupasha oili, na oili ikipanuka mahali pasipo na njia ya kutokea huzidi kuzisukuma pedi. Mwisho wake ni mmojawapo kati ya miwili: gurudumu la mbele linafunga likiwa kwenye mwendo, au oili inachemka na leva inaingia hadi kwenye mpini bila breki kushika. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa oili ya DOT 4 ikiwa mpya ni nyuzi 230 za Selsiasi, lakini oili hiyo hunyonya unyevu kutoka hewani, na ikishafikisha maji ya asilimia 3.7 kiwango hicho hushuka hadi 155.

Nilipofika nilidondosha matone ya maji kwenye diski, yakachemka na kurukaruka. Kipimajoto cha miale sikukiamini, kwa kuwa uso wa chuma unaong'aa hukifanya kisome chini kuliko joto halisi. Mizani ilisoma kilo 1.7. Baada ya saa moja, diski ikiwa imepoa, ilikuwa imerudi 0.5.

Jumatano

Kinachobadilika na joto ni oili, na oili ikipanuka inapaswa kurudi kwenye kikopo cha oili kilicho juu ya masta silinda. Kwa hiyo nilirudia jaribio la nipeli, safari hii breki ikiwa moto. Nilikwenda tena kilomita zilezile, nikarudi gurudumu likiwa zito, nikavaa glavu na miwani, nikafungua nipeli. Oili ilichomoka kwa nguvu ndani ya paipu na gurudumu likalegea saa ileile. Jaribio lilikuwa sahihi tangu Jumapili, ila nililifanya wakati ambapo tatizo lenyewe halikuwapo.

Ilibaki kujua presha imenaswa wapi. Paipu la mpira lililochakaa linaweza kufumuka kwa ndani na kipande chake kikawa kama mlango unaoruhusu oili kwenda chini na kuizuia isirudi. Nilipasha breki mara ya tatu, na safari hii sikufungua nipeli. Nililegeza bolti inayounganisha paipu na masta silinda, nikiwa nimefunika tangi na rangi yote kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji, kwa sababu oili ya breki hubabua rangi. Gurudumu lililegea. Oili basi ilipanda kupitia paipu bila kizuizi, na kizuizi kimo ndani ya masta silinda.

Leva ilikuwa na uchezaji wa milimita 2 kabla ya kuigusa pistoni ya masta, kwa hiyo haikuwa ikiishikilia isirudi mwisho. Kikopo nacho hakikuwa kimejazwa kupita mstari wa juu. Nilifungua kifuniko, nikautoa utando wa mpira, nikabana leva kidogo sana huku nikiangalia sakafu ya kikopo. Masta iliyo nzima huonyesha mchirizi mdogo wa oili unaoruka kutoka kwenye kitundu chembamba mwanzoni kabisa mwa mwendo wa leva. Hapa uso wa oili haukutikisika hata kidogo.

Sakafu ya kikopo ina vitundu viwili. Kile kikubwa hupeleka oili nyuma ya kikombe cha mpira kilicho mbele ya pistoni, ili chumba kijazwe leva inaporudi. Kile chembamba, kisichofika hata milimita 1, hufunguka mbele ya kikombe hicho, na ni pale tu leva inapokuwa imeachiwa kabisa. Hiyo ndiyo njia pekee ya oili iliyopanuka kurudi juu. Kikiziba, breki hufanya kazi vizuri ikiwa baridi, kwa sababu oili iliyosukumwa na pistoni hurudi na pistoni ileile. Joto likija, oili inayozidi haina pa kwenda. Hapo nikauelewa pia ugumu ule wa siku ya kwanza: pistoni za kalipa zilirudi taratibu si kwa uchafu peke yake, bali pia kwa kuwa nilikuwa nikiilazimisha oili ipenye tundu lililokwisha kuanza kuziba. Na oili ya kalipani, ambayo ndiyo chafu kuliko yote, niliisukuma yote juu kuelekea kitundu hichohicho. Naamini huko kuisukuma ndiko kulikomalizia kukiziba.

Jumamosi, wiki ya pili

Nilivua masta silinda yote badala ya kuzibua kitundu kwa juu tu. Chini ya kikopo palikuwa na tope la rangi ya kahawia, zito kama uji wa jana, na ndani ya tundu kulikuwa na punje nyeupe zilizoganda. Nilitoa pete ya kufungia, pistoni, springi na vikombe vya mpira, nikaosha kwa oili safi ya breki. Kitundu nilikipitishia uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme, kutoka upande wa kikopo, kisha nikakipuliza. Keekee haifai hapa, wala sindano ya chuma kigumu: kingo za kitundu zikipata makali, kikombe cha mpira kitachanika kila kinapopita juu yake. Kuta za silinda zilikuwa laini bila mikwaruzo, kwa hiyo niliweka pistoni na vikombe vipya na kuurudisha mwili uleule.

Nilimimina DOT 4 kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, nikapitisha oili mpaka ile inayotoka kwenye nipeli ikawa na rangi sawa na inayoingia. Nilipobana leva kidogo kifuniko kikiwa wazi, mchirizi mwembamba uliruka juu ya uso wa oili. Nililitazama tukio hilo mara tatu nne zaidi ya ilivyohitajika.

Vipimo vya leo: kalipa ikiwa imetolewa, kilo 0.2. Breki ikiwa baridi, kilo 0.5. Baada ya kilomita 6 zilezile, diski ikiwa moto, kilo 0.5. Baada ya kilomita 20 zenye mteremko mrefu, kilo 0.6, na leva inashika palepale iliposhika mwanzo wa safari.

Jumapili, wiki ya tano

Kilomita 300 tangu kazi imalizike. Nilitoa gurudumu kwa makusudi na kulirudisha, safari hii kipande cha mbao kikiwa katikati ya pedi tangu mwanzo, na bolti ya kubana ikikazwa mwisho, pikipiki ikiwa chini na shokapu zimekwisha kubonyezwa. Pedi mbili zimelika kwa usawa. Mizani inasoma kilo 0.4.